Tuacheni tumalize aya: barua ya wazi kwa wahariri na wamiliki wa magazeti ya mtandaoni

Kwa wahariri wakuu, wamiliki wa magazeti ya mtandaoni na wakuu wa idara za matangazo,

Salamu kwenu, na poleni kwa kazi.

Nawaandikia nikiwa msomaji tu. Sijawahi kukaa kwenye chumba cha habari wala kuuza tangazo. Ninachopenda ni makala ndefu: uchunguzi uliochukua miezi, wasifu wa mtu ambaye wengi walikwisha kumsahau, maelezo ya kina ya jinsi ugonjwa unavyopenya mwilini au jinsi daraja lilivyokuja kuanguka. Hizo naziweka hadi usiku, kazi zikiisha na watu wakilala, nipate kuzisoma kwa kituo.

Wiki chache zilizopita nilifungua moja ya aina hiyo kwenye simu. Ilihusu watu waliopotea miaka mingi nyuma, na familia ambazo hazijaacha kuwatafuta. Mwandishi alikuwa amenifikisha chumbani kwa mama mmoja mzee. Mama akafungua sanduku, akatoa kiatu kimoja cha mtoto, akakipangusa vumbi kwa upindo wa nguo yake, akamtazama mwandishi, akasema. Hapo hapo ukurasa ukaruka. Aya ikasukumwa chini, na pale nilipokuwa nasoma pakatokea gari jekundu linazunguka. Nikateremka kuitafuta sentensi yangu, kikaibuka kidirisha cha kuniomba anwani ya barua pepe. Nikakifunga. Video ikaanza kucheza kwenye pembe ya chini, sauti juu, saa nne usiku, mtoto amelala chumba cha pili. Nikahangaika na alama ya kufungia. Ilikuwa ndogo kuliko ncha ya kidole changu, nikaikosa, nikatupwa kwenye tovuti ya kampuni ya bima. Niliporudi, makala ilikuwa imejifungua upya kuanzia kichwa cha habari.

Neno la yule mama nililipata baada ya dakika kadhaa za kutafuta. Nililisoma nikiwa nimeshakasirika, na nina hakika halikuniingia kama mwandishi alivyokusudia. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, na ndilo lililonifanya niandike barua hii.

Maana najua jinsi sentensi ile ilivyotunzwa kabla haijanifikia. Mwandishi aliiandika, akaifuta, akaiandika tena. Mhariri akauliza: neno hili alilisema kweli, lipo kwenye rekodi? Msahihishaji akaangalia koma. Pengine mwanasheria naye alipitia. Kuna mtu aliamua kwamba neno la mama lisimame peke yake kwenye mstari wake, ili msomaji avute pumzi kwanza. Hakuna hata mmoja kati yenu ambaye angemkubalia mtu wa nje aingie chumba cha habari na kuchomeka sentensi yake kuhusu magari katikati ya aya ile. Mngemtoa mbio. Lakini ndicho kinachofanyika kila siku kwenye kazi zenu bora kabisa, na anayechomeka hana hata uso wa kumfukuza, kwa sababu ni mtambo.

Nimejaribu kuelewa mtambo huo unavyofanya kazi, kwa kuwa sipendi kulalamikia nisichokijua. Ninapofungua ukurasa, kabla maneno hayajatulia, nafasi zilizoachwa wazi hupigwa mnada. Taarifa kunihusu, kama aina ya simu niliyonayo, eneo nilipo kwa kukadiria na kurasa nilizokwisha kupitia, hutumwa kwa kampuni nyingi kwa mpigo. Kampuni hizo hutaja bei na mnada hufungwa, mara nyingi ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mshindi huleta tangazo lake. Hakuna mhariri aliyeliona, na mtambo haujui kwamba aya iliyo jirani ni ya kilio. Unanijua mimi kuliko unavyoijua makala ninayoisoma.

Na kule kuruka kwa ukurasa kuna sababu nyepesi mno, ambayo nilipoijua nilisikitika zaidi. Maneno hufika kwanza, tangazo hufika baadaye. Kama fundi hakulitengea nafasi yake mapema, likifika hulazimika kuyasukuma maneno. Ndiyo hivyo tu. Kutenga nafasi hakuhitaji kampuni kuacha hata senti moja. Tena kuna kipimo chake: mwaka 2020 Google ilitangaza vipimo vya ubora wa ukurasa, na kimojawapo hupima jinsi vitu vinavyohamahama mtu akiwa anasoma. Alama isiyozidi 0.1 ndiyo inayohesabiwa kuwa nzuri. Wahandisi wenu wanaijua. Nawaomba muwaulize kurasa za makala ndefu zina alama gani.

Sitaki mnielewe vibaya. Sipingi matangazo. Majarida ya karatasi niliyokua nayo yalijaa matangazo, mengine ya ukurasa mzima, na sikuwahi kuyachukia. Mengine niliyatazama kwa muda mrefu kwa jinsi yalivyopigwa picha vizuri. Yalikuwa yananisubiri. Nilimaliza aya, nikageuza ukurasa, nikalikuta tangazo limekaa mahali pake, nikalitazama au nikapita. Halikunifuata kwenye ukurasa uliofuata wala halikunifunika maneno.

Hata mtandaoni mambo hayakuanza hivi. Tangazo la mstatili linalotajwa kuwa la kwanza liliwekwa kwenye tovuti ya HotWired tarehe 27 Oktoba 1994, na kampuni ya AT&T ilikuwa miongoni mwa walionunua nafasi siku hiyo. Lilikuwa kipande chembamba, kimetulia. Inasimuliwa kuwa asilimia 44 ya waliokiona walikibofya. Kisha watu wakazoea. Mwaka 1998 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Rice, Jan Panero Benway na David Lane, walionyesha kwamba watumiaji wa tovuti huruka kwa macho chochote chenye sura ya tangazo, hata kama jibu wanalolitafuta limo humo humo. Hapo palikuwa na njia mbili. Moja ilikuwa kutengeneza matangazo yanayostahili kutazamwa. Nyingine ilikuwa kumshika msomaji shingo. Sehemu kubwa ya sekta ilichagua ya pili, na jicho la msomaji nalo likazidi kujifunza kukwepa, na shingo ikazidi kukabwa.

Ethan Zuckerman, mmoja wa waliobuni dirisha linaloibuka lenyewe alipokuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya mtandao ya Tripod katika miaka ya 1990, aliandika kwenye jarida la The Atlantic mwaka 2014 kuomba radhi. Alieleza kwamba nia yao ilikuwa njema: walitaka tangazo likae kwenye dirisha lake, ili mwenye bidhaa asionekane anaunga mkono kilichoandikwa kwenye ukurasa. Namheshimu kwa kusema. Wengi walioiga wazo lake hawajawahi kusema chochote.

Najua jibu mnalolitoa: fedha. Waandishi wanalipwa, seva zinalipiwa, wanasheria wanalipwa, na msomaji anataka bure. Ni jibu la haki, nami sitalipuuza. Ila nawaomba tuzitazame hizo fedha kwa karibu. Mwaka 2020 chama cha watangaza biashara cha Uingereza, ISBA, kilichapisha uchunguzi kilioufanya na kampuni ya ukaguzi ya PwC kuhusu safari ya fedha za matangazo ya mnada. Katika kila pauni 100 zilizotolewa na mwenye bidhaa, mwenye gazeti alipokea 51. Nyingine ziliishia kwa madalali wa katikati, na 15 hazikuweza kufuatiliwa zilikokwenda. Yaani hasira yangu yote mnaibeba ninyi, jina linalochafuka ni lenu, na mnagawana na watu nisiowajua nusu kwa nusu.

Halafu kuna hili, ambalo naona linapaswa kuwauma kuliko linavyoniuma mimi. Uchunguzi wa chama cha watangaza biashara cha Marekani, ANA, uliotolewa mwaka 2023, ulikuta kwamba asilimia 15 ya fedha za matangazo zilizochunguzwa ziliishia kwenye tovuti zilizotengenezwa kwa lengo moja tu la kubeba matangazo. Tovuti hizo hazina uchunguzi wala mwandishi wa kutajwa, ni vichwa vya habari vya kunasa watu. Mtambo mliouachia kurasa zenu unazinunua hizo na zenu sokoni pamoja, kwa mizani ile ile. Kazi ya miezi minane inawekwa rafu moja na takataka, na kwa macho ya msomaji aliyefunikwa na vidirisha vitatu, zinaanza kufanana kweli.

Mimi ndiye ninayenunua bando. Mwaka 2015 New York Times walipima kurasa za kwanza za tovuti 50 za habari kwenye simu, wakakuta zaidi ya nusu ya data iliyopakuliwa ilitokana na matangazo na vitu vingine ambavyo programu za kuzuia matangazo huviondoa. Mwaka 2018, sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa za watu ilipoanza kutumika tarehe 25 Mei, USA Today waliwawekea wasomaji wa Ulaya ukurasa usio na misimbo ya ufuatiliaji wala matangazo. Mtaalamu mmoja wa tovuti akaupima: ulitoka megabaiti 5.2 hadi takriban nusu megabaiti, na muda wa kufunguka ukashuka kutoka sekunde 45 hadi 3. Habari ni zile zile. Kilichopungua ni mzigo uliopandishwa mgongoni mwake.

Ndiyo maana watu wanaweka vizuia matangazo, nami kwa muda mrefu nilikuwa mmoja wao. Msituite wezi. Machi 2016 matangazo yenye misimbo haramu yalipenya kupitia mitandao ya matangazo hadi kwenye tovuti kubwa, zikiwemo za New York Times na BBC, na wasomaji waliofungua habari ya kawaida wakajikuta hatarini kuambukizwa programu za kufunga kompyuta hadi ulipe. Wahariri wa huko hawakufanya kosa lolote. Walikuwa tu wamempa mgeni ufunguo wa mlango.

Vivinjari, yaani programu tunazofungulia tovuti, navyo vimeona. Tangu 2010 kivinjari cha Apple kiitwacho Safari kina kitufe kinachouvua ukurasa kila kitu na kubakiza maandishi. Tafakarini maana yake: aliyetengeneza kivinjari ilibidi abuni njia ya kumtorosha msomaji kutoka kwenye ukurasa wenu ili aweze kuusoma. Nakitumia kitufe hicho mara nyingi, na kila nikikitumia napoteza kitu. Ramani mliyoichora kwa uangalifu wakati mwingine hutoweka, picha hupotea au hukaa mahali pasipo pake, na ile nafasi nyeupe ambayo msanifu wenu aliiweka makusudi kati ya sehemu na sehemu haipo tena.

Mama yangu hajui kitufe hicho kilipo, na hapaswi kulazimika kukijua. Macho yake yamechoka, kwa hiyo ameongeza ukubwa wa herufi kwenye simu hadi mwisho. Siku moja nilikaa naye anasoma. Juu palikuwa na jina la gazeti, limeganda, halisogei. Chini palikuwa na tangazo nalo limeganda. Juu ya tangazo kulikuwa na kidirisha cha kumwomba akubali vidakuzi, vile vifaili vya kumkumbuka na kumfuatilia msomaji, chenye kitufe kikubwa cha kukubali na neno dogo la kijivu la kukataa. Nikahesabu mistari ya makala aliyobakiwa nayo. Ilikuwa minne. Alikuwa anaisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, mambo yanaibuka na kuzama, na alichoniuliza ni kama simu yake imeingiwa na virusi. Nilimwambia hapana mama, ni gazeti tu. Hakuniamini.

Nina pia rafiki asiyeona. Simu yake humsomea kwa sauti. Pale tangazo lilipochomekwa katikati ya aya bila kupewa jina na aliyelitengeneza, sauti ile ile iliyokuwa ikimsomea habari huanza kumtajia anwani yake ya mtandaoni: herufi, tarakimu, alama ya mkwaju, herufi, tarakimu, hadi mwisho, kisha inarudi kwenye habari kana kwamba hakuna kilichotokea. Mimi naweza kupitisha macho. Yeye hana pa kupitisha. Nilimsikiliza akisikiliza, na nikaona aibu kwa niaba yenu.

Mtaniambia kanuni zipo. Kweli zipo. Coalition for Better Ads, umoja wa kampuni za matangazo na za mtandao, ulitangaza viwango vyake Machi 2017 baada ya kuwauliza watumiaji ni matangazo gani yasiyovumilika, na majibu yalikuwa yale yale: madirisha yanayoibuka, video zenye sauti zinazoanza zenyewe, matangazo yanayomlazimisha mtu kusubiri sekunde zihesabiwe, matangazo makubwa yaliyoganda. Kivinjari cha Chrome kilianza kuyazuia tarehe 15 Februari 2018 kwenye tovuti zinazokiuka viwango hivyo, na tarehe 9 Julai 2019 hatua hiyo ikapanuliwa dunia nzima. Nashukuru, mambo yalipungua kidogo. Lakini viwango hivyo vinaruhusu matangazo kuchukua hadi asilimia 30 ya urefu wa makala kwenye simu, na havina habari na tofauti kati ya tangazo lililokaa chini ya kichwa kidogo cha habari na lile lililopasua sentensi ya shahidi. Ni kanuni za kuzuia ovyo. Hakuna taasisi ya nje itakayowaandikia kanuni ya kuheshimu makala. Hiyo ni kazi ya mhariri.

Na ombi langu kuu ni hilo hilo. Mpeni mhariri mamlaka juu ya kila kinachoonekana kati ya kichwa cha makala ndefu na nukta yake ya mwisho. Awe na haki ya kusema hapa tangazo liingie, hapa lisiingie, na idara ya biashara imsikilize kama inavyomsikiliza anaposema habari haiko tayari. Mwandishi mwenyewe amekwisha kuwaonyesha pa kupumzikia: pale alipobadilisha sehemu, pale alipoacha mstari mtupu. Wekeni tangazo hapo, lipewe nafasi yake tangu mwanzo, litulie, lisitoe sauti. Mtu akilifunga lifungike. Lile ombi la barua pepe lisubiri mwisho, wakati ambapo mimi mwenyewe nimeguswa na natafuta mahali pa kuandika jina langu. Hamjui ni mara ngapi nimefika mwisho wa makala nzuri nikiwa tayari kujiandikisha, nikakumbuka nilivyosumbuliwa mwanzoni, nikaacha.

Inawezekana kabisa. New York Times waliacha kuuza matangazo yanayowafuatilia wasomaji wao wa Ulaya mwaka 2018, na mapato yao ya matangazo ya kidijitali huko yaliendelea kukua. Shirika la utangazaji la umma la Uholanzi, NPO, lilifanya hivyo mwaka 2020, likaanza kuuza tangazo kwa kuangalia maudhui ya ukurasa badala ya historia ya msomaji, na mapato yakapanda. Makala moja ndefu yaweza kuuzwa kwa mdhamini mmoja, kwa bei ya heshima, jina lake likae mwanzo na mwisho. Nadhani mwenye bidhaa mwenye akili angependa kujulikana kama aliyetuachia nusu saa ya utulivu.

Kulipa, niko tayari. Nalipia magazeti mawili sasa hivi. Moja kati ya hayo bado linanirushia video pembeni ingawa nimeshalipa, na nimewaandikia mara mbili bila kujibiwa. Sitalitaja. Litajijua.

Kabla makala yenu kubwa ijayo haijatoka, naomba mhariri mkuu achukue simu ya kawaida, aongeze herufi hadi mwisho, azime kila kizuizi, aisome yote peke yake usiku kama tunavyoisoma sisi. Mkuu wa matangazo akae pembeni yake bila kusema kitu. Kila mhariri atakapopoteza mstari, mkuu wa matangazo aandike. Kisha waongee.

Makala ya yule mama mwenye kiatu bado nimeihifadhi. Mama yangu angeipenda, kwa sababu ambazo ni zake na sitazieleza hapa. Nilifikiria kumsomea, lakini kuna maneno ambayo mtu mzima anataka kuyasoma peke yake, kwa wakati wake. Mkishautuliza ukurasa ule, nitampa simu na kufunga mlango.

Wenu katika kusoma,

Msomaji wa makala ndefu